Jina la Mkahawa wa Haji Mutashar

Jumamosi, 4 Machi. Nasiriya, kusini mwa Iraki.
Haji Mutashar anataka kuupa mkahawa wake jina jipya. Falih muuza dawa kapendekeza "Sumeri". Wote wakaitikia kama watoto wa darasa la kwanza. Mimi nimefundisha historia miaka thelathini na moja! Nikawaambia jina hilo Wasumeri, watu wa kale wa nchi hii, walipachikwa na majirani zao, Waakadi. Wenyewe nchi yao waliiita Kengiri. Falih akasema, "Mwalimu, hilo si jina, hiyo ni sauti ya mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki." Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Nimerudi nyumbani damu inanichemka.

Jumapili, 5 Machi.
Sasa Falih anadai Wasumeri walikuja kwa bahari, kutoka pande za Bahareni. Kasoma wapi, kwenye pakiti ya vidonge? Hawakutoka popote. Walizaliwa hapa hapa, kwenye mabwawa ya matete, na vizazi vyao viko huko mpaka leo. Haji kaamua kura ipigwe Alhamisi. Mke wangu Nadhima kaniambia niachane na Wasumeri, wamekufa miaka elfu nne, hawatafufuka kunishukuru. Nitaleta shahidi.

Jumanne, 7 Machi.
Nimekwenda mabwawani. Gari, kisha mtumbwi, kisha matope mpaka magotini. Nimempata mzee Sahan, mfuga nyati wa maji, Maadani kama tunavyowaita watu wa huko. Babu wa babu yake alizaliwa kwenye nyumba ya matete. Nimemwomba aje awaambie watu kwamba ukoo wake haujatoka popote. Nimemwahidi samaki mzima wa kuchoma. Kakubali. Falih atatafuta pa kuficha uso.

Alhamisi, 9 Machi.
Mkahawa ulijaa. Nikasimama, nikasema nimewaletea Maadani halisi, damu ya Kengiri. Mzee akaweka kikombe chini.
"Umeniitaje, mwanangu?"
Nikarudia kwa sauti zaidi, watu wa nyuma wasikie.
"Hilo ni jina mnalotuita nyinyi watu wa mjini mkitaka kututukana," akasema. "Mimi naitwa Sahan, mtu wa mabwawa. Wafu unawapigania waitwe jina lao. Mimi niliye hai, je?"
Falih, mwenye roho ya nyoka, akamuuliza ukoo wake asili yake wapi. Mzee akasema babu yake alihadithia kwamba walitoka jangwani, wakifuata ngamia. Jangwani! Falih akambusu bega. Samaki niliyemnunua mimi wakamla wao wawili. Kura: Sumeri kumi na tisa, Kengiri moja. Hiyo moja ni yangu.

Ijumaa, 10 Machi.
Fundi kapandisha kibao tangu asubuhi. Herufi za buluu, kubwa kama milango. Nadhima anasema niende mabwawani nikamwombe mzee radhi. Radhi ya nini? Ni yeye aliyeniharibia! Hoja yangu ilikuwa nzima, shahidi ndiye alikuwa mbovu. Nimesikia upande wa bwawa la Hammar kuna Maadani mwingine, mkongwe zaidi, na masikio yake hayafanyi kazi kabisa. Nitamfuata kesho.