Malalamiko ya Mwanangu Kuwekwa Sauti ya Nne

Kwako Mwalimu Mkuu,

Na kwako wewe karani, maana najua barua zote unazifungua wewe kwanza. Soma tu mpenzi, ila ukimaliza mpelekee mwenyewe.

Mwalimu Mkuu, shikamoo. Kama nimekuzidi umri nirudishie, hatujawahi kuulizana. Mimi ni yule msusi wa mlango wa bluu, mkabala na ukuta wa shule yenu. Mama yake Chiriku wa darasa la sita, yule mwenye mwanya. Hilo jina alipewa na bibi yake kwa jinsi alivyokuwa akilia utotoni, mtaa mzima haulali. Shule mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo mistari ikipanda mlima nivumilie.

Nina malalamiko. Nimeyapa namba ili usije ukasema hukuyaona.

1. Mwanzo wa mwaka mtoto alirudi nyumbani akaniambia, mama, kwenye kwaya nimewekwa sauti ya nne. Mimi ninazozijua kwenye kwaya yenu ni sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu. Nikajua kapanda cheo. Nikawatangazia wateja wote. Mke wa daktari wa meno nilimwambia akiwa kainamia beseni, povu kichwani, hana pa kukimbilia. Basi wiki iliyopita namsuka yule dada mfanya usafi wa shule yenu, nimefika nusu ya kichwa, akaniuliza, "We mama Chiriku, sauti ya nne si ndio wale wa kufungua midomo tu?" Nikamwambia wa kufungua midomo vipi? Akasema, "Wanafungua, wanafumba, sauti hawatoi. Mwalimu wa muziki ndiye kawapanga. Wapo wawili, wako na wa fundi bomba. Ila wa fundi bomba anaumwa koo. Wako mzima kabisa." Mwalimu Mkuu, niliweka kitana chini, kazi ikaishia hapo. Yule dada aliondoka na nusu ya kichwa. Ukimwona anafagia kajifunga kitambaa, jua ni nyinyi.

2. Ukoo wetu una sauti. Marehemu mama yangu alikuwa akikuita wewe uliye jirani, wanaitika watu wa ng'ambo ya bonde. Mimi mwenyewe nikicheka hapa saluni, darasa lenu la pili linasimama kusoma, mwalimu wao alishakuja kunilalamikia mara mbili. Sasa sauti yote hiyo ifike kwa Chiriku ikwame? Haiwezekani. Kweli, mimi sijawahi kumsikia akiimba peke yake. Nyumbani akifanya mazoezi anasimama mbele ya kioo, anafungua mdomo, anafumba, basi. Nikadhani anaitunza sauti kwa ajili ya jukwaani, kama watu wanavyotunza viatu vipya.

3. Tabia hiyo imeingia ndani ya nyumba yangu. Baba yake ni fundi cherehani, mtu wa maneno machache tangu azaliwe. Kamwona mtoto, kapenda. Jumanne nilimpa habari zote za mtaa, nani kahama, nani karudishwa kwao, nani kanunua kabati lisilopita mlangoni, tangu tunakula mpaka vyombo vinaoshwa, naye anafungua mdomo, anafumba, nikajua tunaongea. Kumbe niko peke yangu! Nilipomshtukia akacheka, akasema eti na yeye yuko sauti ya nne. Mwalimu Mkuu, ndoa ya miaka kumi na sita imeharibiwa na kwaya.

4. Jumamosi nilikuja kwenye yale mazoezi ya mbele ya wazazi. Likaanza igizo. Mtoto wa muuza magodoro aliigiza maiti. Kalazwa mezani, kafunikwa shuka. Maiti yule alikohoa mara mbili, akapiga chafya, na mjane wake akamwambia pole. Watu wakashangilia. Nakuuliza kwa heshima zote: katika shule hii maiti atoe sauti, mwanangu aliye hai asitoe?

5. Siku hiyohiyo kwaya ikapanda. Chiriku kasimama katikati, soksi nyeupe, mdomo unafunguka, hakuna kitu. Roho iliniuma. Nikasimama pale kwenye kiti nikaanza kumjazia sauti. Ubeti wa kwanza sikuujua vizuri lakini nilijitahidi. Mwalimu wa muziki akageuka na kile kijiti chake, akasema, "Mama, tafadhali kaa. Ukishindwa kukaa, basi fungua mdomo tu." Mimi! Mbele ya fundi bomba!

6. Kwa hiyo ninachoomba ni kidogo. Ijumaa kuna tamasha la kufunga shule na wageni watakuja. Naomba Chiriku aimbe wimbo mzima peke yake, na wale wenzake thelathini na tisa wafungue midomo tu. Wameimba muhula mzima, wapumzishe koo. Kama kazi hiyo ni nzuri kama mwalimu wa muziki anavyodai, na wao waionje. Yeye mwenyewe apige kinanda bila kukigusa. Na kwa haki hiyohiyo, Mwalimu Mkuu, nakuheshimu sana, lakini hotuba yako ya mwaka jana ilianza jua likiwa upande huu, ikaisha likiwa upande ule, na bibi mmoja akabebwa. Mwaka huu nawe ifungulie mdomo tu. Utapigiwa makofi ambayo hujawahi kuyasikia. Nimeshawauliza wazazi wenzangu.

7. Mkikataa, mimi nitafungua mdomo, na wangu uko sauti zote. Walimu wenu wanne wanasukwa kwangu, na mtu akishikwa kichwa kwa muda wa saa tano huzungumza. Sina zaidi.

Nakutakia kazi njema. Nisalimie mkeo, mwambie zile nywele azioshe sasa, wiki tatu zimetosha. Nisalimie mlinzi wa getini na mguu wake. Salamu kwa walimu wote, hata yule.

Ni mimi mzazi mwenye uchungu,
Mama Chiriku, msusi.

Nyongeza: Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena kwa mvuke wa birika. Mchana huu Chiriku karudi, nikasema ngoja nimpe habari njema. Nikamwambia, haya mwanangu, Ijumaa unaimba peke yako, hebu mwimbie mama yako nisikie. Akakataa. Nikambembeleza. Akaimba.

Mwalimu Mkuu, sauti ipo. Sauti ni kubwa. Ila kila neno lilikuwa linakwenda njia yake, hakuna lililomsubiri mwenzake. Fundi viatu wa jirani aliingia na nyundo mkononi akiuliza ni nani anapigwa. Mteja wangu alijitoa mwenyewe kwenye draya akasema nywele zimekauka, na zilikuwa zinachuruzika maji.

Nikakaa kwenye kiti cha wateja. Mtoto akaniambia, "Mama, mimi najua. Mwalimu alikuwa anitoe tangu mwanzo wa mwaka. Nililia, nikamwambia nitafungua mdomo tu, asinitoe, maana rafiki zangu wote wako pale. Ndio akaniweka sauti ya nne. Nilitaka kukuambia, lakini ulikuwa umeshawaambia wateja."

Basi namba moja mpaka saba zifute zote. Ile ya hotuba ifikirie. Mwalimu wa muziki mwambie anisamehe, na aje na mkewe, namsuka mtindo wowote anaotaka. Ila asimsogeze mtoto, amwache palepale katikati na wenzake. Na mtu asimwambie kwamba nimekuandikia.

Ijumaa nakuja mapema nipate kiti cha mbele. Nataka niuone vizuri huo mdomo wake ukifunguka.