Mbegu za Kuazima

Jumatatu, 2 Machi

Naandika nyuma ya daftari la vipimo. Mbele ni viuno vya wateja, nyuma ni mambo yangu. Mke wangu halifungui, anasema mwandiko wangu unamuumiza macho.

Leo kliniki. Miaka sita ya ndoa na bado mezani tuko wawili. Muuguzi kasoma majibu ya mke wangu: mirija iko wazi, mayai yapo, hana tatizo lolote. Nikashusha pumzi, nikachukua kofia yangu. Akaniambia nikae, sasa ni zamu yangu ya kupimwa.

Mimi, nipimwe! Mimi ndiye ninayepima watu. Miaka kumi na minane na utepe shingoni, hakuna aliyewahi kunipima hata urefu wa mkono. Nikamweleza kwa heshima kwamba ukoo wetu ni wa sauti nzito na ndevu, na baba yangu alizaa tisa. Akasema ndevu hazizai mtoto. Mke wangu akacheka kidogo, kisha akaangalia chini.

Ikabidi nitaje vidonge. Mwaka wa kwanza alimeza vidonge vya uzazi wa mpango, tulikuwa bado tunajipanga, na shangazi yangu husema siku zote kwamba viliganda kwenye kizazi. Muuguzi akasema vidonge haviwezi kuganda popote, mtu akiacha uzazi hurudi, na kama shangazi angekuwa sahihi nusu ya wanawake wa mtaa huu wasingekuwa na mtoto wa pili. Muuguzi mwenyewe mtoto wa juzi. Shangazi amezika waume wawili. Nani anajua zaidi?

Nimepewa kichupa chenye mfuniko mwekundu. Nijizuie siku tatu, nikijaze nyumbani, nikifikishe ndani ya saa moja, kikae karibu na mwili kisipate baridi. Mke wangu kakishika kwa mikono miwili njia nzima.

Jumanne, 3 Machi

Kazi haiendi. Nimeshona vifungo vya sketi ya watu upande wa ndani.

Na ikiwa ni mimi? Hilo ndilo linalonila. Akiwa ni yeye, nitamvumilia, nilishajiandaa. Nikiwa ni mimi, je, atanivumilia? Tayari ananiita "fundi", kama mteja. Miaka miwili sasa analala kaangalia ukuta. Mchana kutwa anafundisha chekechea, anafuta makamasi ya watoto wa wenzake, anarudi na chaki mikononi na hataki kusimulia.

Kuna kitu sijawahi kumwambia mtu. Droo ya chini, chini ya zipu, kuna magauni matano. Mwaka wa pili wa ndoa alichelewa siku kumi na mbili, nikashona la mtoto mchanga kwa mabaki ya kitambaa cha bibi harusi mmoja. Siku ya kumi na tatu ikaja damu. Sikulitupa. Mwaka uliofuata nikashona la mwaka mmoja, ukafuata la miwili. Sasa nina la miaka minne. Lina mifuko, maana wa umri huo huokota kila kitu. Mke wangu akiyaona atalia, nami nitalia, na kazi za watu zitalala.

Jioni nimepata wazo. Ng'ambo ya barabara yupo fundi viatu, ana watoto wanne. Anajiita Kidume. Jina alijipa mwenyewe, watu wakachoka kubisha. Husema yeye akitundika suruali tu kitandani, mkewe anaanza kutapika. Mtu wa namna hiyo hawezi kukosa kijiko kimoja cha ziada.

Alhamisi, 5 Machi

Nimekwenda kwa Kidume. Nikamwambia kuna rafiki yangu ana shida. Akauliza rafiki gani. Nikasema humjui. Akauliza kama rafiki huyo naye ni fundi cherehani.

Nilipofika kwenye kichupa nyundo ikabaki hewani. Akasema ana viatu vingi vya kumaliza. Akasema mambo hayo si mazuri. Nikamwambia sawa, naelewa, umri nao umekwenda, labda zimeshapungua. Akasimama wima, akatazama kulia na kushoto, akasema Kidume haishiwi. Ila anataka suti ya vipande vitatu.

Nimempima hapohapo. Kiuno kimeongezeka.

Ijumaa, 6 Machi

Siku ya kazi. Mke wangu yuko shuleni. Saa tatu na dakika tano Kidume kanipa kichupa ndani ya soksi, hakunitazama usoni. Nikakibana kwapani, nikatoka mbio za kistaarabu.

Kona ya pili nikakutana na mwalimu mkuu wa mke wangu. Ana gauni la mahafali, mikono inambana. Alitaka nimwoneshe papo hapo nitaipanua vipi. Nikainua mkono wa kulia. Akasema na wa kushoto. Nikasema wa kushoto ni vilevile. Akauliza kama nimepata kiharusi. Nikasema jipu. Akaanza kunieleza dawa ya jipu kwa kirefu, maji ya moto na chumvi, na mumewe alivyoteseka nalo. Nilikuwa nahesabu dakika kichwani huku nikiitikia.

Nimefika dakika ya hamsini na nne. Muuguzi kaandika jina langu kwenye kichupa, kanipongeza, kasema wanaume wengi huogopa hata kufika mlangoni. Nikajisikia fahari, kweli kabisa. Njiani nimenunua zipu mpya.

Jumatatu, 9 Machi

Majibu. Muuguzi kafunga mlango kwanza, kazungumza polepole. Hakuna mbegu hata moja. Sifuri.

Mke wangu kaniwekea mkono juu ya mkono. Mimi machozi yakanitoka, na haki ya Mungu nilikuwa namlilia Kidume. Watoto wanne! Yule wa tatu nilimshonea sare mimi mwenyewe. Ni wa nani sasa?

Muuguzi kasema tusikate tamaa, kipimo kimoja hakitoshi, kirudiwe baada ya wiki kadhaa. Tumerudi nyumbani kwa miguu. Mke wangu hakuuachia mkono wangu, hata tulipovuka barabara.

Jumanne, 10 Machi

Asubuhi nimekwenda kumwandaa Kidume. Nikaanza mbali. Nikamwambia dunia ina mengi, na baba ni yule anayelea. Akaniuliza nimekunywa nini. Nikainama sikioni nikamwambia ni sifuri.

Akaendelea kugonga soli. Akasema lazima iwe sifuri, yeye si alifunga?

Nikamwambia kufunga hakuwezi kumaliza mbegu, watu wangapi wanafunga na wanazaa. Akaniangalia kwa huruma. Alifunga mirija. Miaka mitatu sasa. Mkewe aliponea chupuchupu uzazi wa nne, Kidume akasema basi, zamu yake. Kazi ya dakika chache hospitalini, na siku ya tatu alikuwa kibandani anagonga viatu.

Nimemwuliza mbona sauti haijawa nyembamba. Nimemwuliza kama bado... Akasema bado, tena sana, na mkewe sasa hana hofu, anacheka ovyo. Akasema ni kama chungwa lisilo na kokwa, juisi ni ileile. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akasema mtaa mzima unamwita Kidume, angeanzia wapi. Alidhani maabara wanaangalia wingi wa maji tu.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Sasa kata ni mimi, na sina mahali pa kuipeleka.

Jumatano, 11 Machi

Nimeamua kusema ukweli. Nimejiandaa tangu asubuhi, hata maneno nimeyapanga.

Nimerudi kutoka kununua uzi, nimemkuta mke wangu dukani, sakafuni. Alikuja kutafuta kifungo. Droo ya chini iko wazi. Magauni yako mapajani mwake, kayapanga kutoka dogo hadi kubwa.

Kasema mwaka juzi aliona pindo la moja likichungulia. Akajua nina mtoto nje, na kwamba mtoto anakua na mimi nampima. Ndiyo maana ya ukuta. Hakuuliza, kwa sababu aliona ana haki gani, yeye ambaye hajanizalia. Sasa karatasi ya kliniki inasema siwezi kuwa na mtoto popote. Kwa hiyo haya ni ya kwetu. Kasema hivyo, "ya kwetu", akaliweka lile la mifuko shavuni.

Kisha akashika mikono yangu, akaangalia vidole vilivyochomwa na sindano, kimoja baada ya kingine. Akasema hakuolewa na watoto, aliolewa na mimi. Na akaniita jina langu. Nilikuwa nimesahau linavyosikika kinywani mwake.

Nikafungua mdomo nimwambie. Kilichotoka ni kuuliza kama chai ipo.

Ijumaa, 13 Machi

Sijawahi kupendwa hivi. Mke wangu anaimba akifua. Analala kanielekea. Kampigia shangazi simu mwenyewe, kamwambia aache habari za vidonge, tatizo si yeye. Shangazi kasema basi ni joto la cherehani limeziivisha mbegu.

Tatizo ni kipimo cha pili. Nikipeleka zangu zikakutwa zipo, ataniuliza zile sifuri zilitoka wapi, na magauni yatarudi kuwa ya mtoto wa nje. Zikikutwa hazipo kweli, hilo sitaki hata kuliandika.

Nimerudi kwa Kidume. Ananitaka niache. Nimemsihi. Amekubali kwa koti la mvua. Nataka mtoto kuliko kitu chochote chini ya jua, na nimekaa kibandani kwa fundi viatu nabembeleza sifuri.

Jumamosi, 14 Machi

Saa sita mchana mke wangu kaja dukani, akaketi kwenye benchi la wateja. Uso umempauka. Kasema siku zake zimepita wiki tatu, alidhani ni mawazo. Kapima jana, kapima tena leo. Ana mimba.

Hakutabasamu. Alikuwa analia. Akaapa kwa mama yake kwamba hajaguswa na mwanamume mwingine tangu azaliwe. Akasema haelewi ile karatasi, na kama nitamfukuza nimfukuze, lakini nimwamini.

Wangu. Mtoto wangu! Miaka sita nimeingoja habari hii, na ilikuwa imekaa mbele yangu inalia. Ilihitaji maneno manne tu: kichupa kilikuwa cha Kidume.

Lakini nikamwona akinitazama, na nikaiona sura yangu itakavyokuwa machoni mwake baada ya maneno hayo. Nikaona ipo njia nzuri zaidi, ya mtu mwenye moyo mkubwa. Nikamwekea mkono kichwani. Nikamwambia nimekusamehe.

Akautoa mkono wangu. Akauliza nimemsamehe nini. Nikasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

Hakupiga kelele. Alikwenda nyumbani, akaweka nguo kwenye begi, akaenda kwao.

Jumapili, 15 Machi

Nimekwenda kwa mama mkwe. Nimemwamkia, akaitikia, akabaki mlangoni. Dirishani niliona miguu ya mke wangu juu ya stuli, imevimba kidogo. Nilitaka kuikanda. Mtoto wangu yumo mle ndani, ukubwa wa harage, na mimi nimesimama nje kama mwuza vyombo.

Mama mkwe kaniuliza kama nina neno la kumwambia binti yake. Nikasema ninalo. Akasema niseme, atalifikisha. Nikasema napita tu kuwajulia hali. Akasema njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, na akafunga mlango taratibu.

Kidume kanifuata dukani. Kasema twende wote sasa hivi, atamweleza shemeji kila kitu kwa kinywa chake, hata mtaa wote ukijua kwamba amefunga, na ujue. Kasema nguo ya kuazima haisitiri matako, fundi wa nguo nilipaswa kulijua hilo. Alikuwa amevaa kabisa viatu vya kutokea.

Nimemshukuru, nimemkatalia. Hajui wanawake. Jambo hili lilianza na karatasi, na karatasi ndiyo italimaliza. Yuko kijana wa duka la kuchapa, ananichapia majibu mapya yenye jina langu, mbegu milioni mia mbili, na maelezo kwamba mashine ilikuwa mbovu. Mhuri wa kliniki hana. Alio nao ni wa kadi za harusi, una njiwa wawili wanabusiana. Nimemwambia aupige huohuo. Kesho asubuhi nampelekea mke wangu, na keshokutwa atakuwa amerudi.