Mzee wa Kona Anataka Wimbo

Jumatatu, 3 Juni

Nimekwisha. Leo asubuhi meneja ametukusanya wote, akapanda juu ya kiti ili aonekane, akatangaza kwamba kuanzia kesho kituo chetu cha redio hakitapiga muziki. Hata wimbo mmoja! Ni mazungumzo tangu alfajiri hadi jioni. Muziki, alisema, kila mtu anao kwenye simu yake. Asichokuwa nacho ni mtu wa kubishana naye. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nikapiga makofi. Mimi, karani wa chumba cha santuri!

Halafu akanitazama. Akauliza, "Na wewe, kijana, unafanya nini hasa hapa?" Majibu nilikuwa nayo. Napanga santuri na kanda. Nazipangusa vumbi. Najua kila wimbo ulipo hata umeme ukikatika. Nikajibu, "Naam."

Huo ndio utetezi wangu wote. Ijumaa ataamua kama bado ananihitaji.

Mchana akaja Kinanda. Ni mtangazaji wetu mkuu, jina hilo amejipa mwenyewe, na kuanzia kesho ndiye atakayebishana na wasikilizaji hewani. Amekuja kupima chumba changu. Kochi lake litakaa hapa, feni pale. Akaniomba nimshikie ncha ya pili ya kamba ya kupimia. Nikaishika. Nikaikaza vizuri.

Nyumbani shangazi, aliyenilea na kunisomesha, akauliza habari za kazini. Nikasema njema. Nikasema wanafikiria kunipandisha cheo. Sijui maneno hayo yalitoka wapi! Kabla sijavua viatu alikuwa ameshawaambia majirani wa pande zote mbili.

Jumanne, 4 Juni

Nina mpango. Wasikilizaji wakilalamika kwamba wanataka muziki, meneja ataurudisha. Na si lazima wawe wengi. Anatosha mmoja mwenye kelele.

Kipindi cha Kinanda kilipoanza nikajifungia chumbani, nikajibana kati ya rafu mbili, nikafunika simu kwa leso, nikapiga. Sauti nimeiazima kwa marehemu mume wa shangazi: kukohoa mara tatu, kisha "Nyie watoto!" Nikajiita Mzee wa Kona. Nikasema nimeamka nikitarajia wimbo, nikakuta mtu anapiga domo kama aliyefungiwa nje na mkewe. Kinanda akacheka. Nikamwambia asijisumbue kukenua, meno hayasikiki redioni.

Mimi! Mimi ninayepisha kuku njiani! Mdomo ulikuwa umeshaondoka bila kuaga.

Matokeo ni balaa. Simu zikaingia mfululizo. Nusu wanamuunga mkono Mzee wa Kona, nusu wanamwambia akalale. Meneja akarukaruka koridoni akipiga kelele kwamba hayo ndiyo mazungumzo, hayo hasa! Akanikumbatia. Nadhani alinifananisha na mtu mwingine.

Jioni nimemkuta shangazi amepakata redio kama mtoto mchanga. Amesema leo amemsikia mwanamume asiyemung'unya maneno, na hata kukohoa anakohoa kama marehemu. Akauliza mbona mimi siko hivyo, mimi ninayeomba chumvi kwa kuinyooshea kidole. Kisha akaniwekea kikombe cha chai ya tangawizi, kali kweli. Akasema ni ya koo.

Ajabu. Sina mafua.

Jumatano, 5 Juni

Nimeona kasoro ya jana. Mzee wa Kona anapendeza. Dawa ni kumfanya achoshe. Akichosha, watu watazima redio. Wakizima redio, muziki utarudi. Hesabu nyepesi.

Leo nimezungumzia mtaro. Mtaro mmoja tu, ule ulioziba nyuma ya soko. Nimeeleza upana wake, rangi yake, harufu yake ya asubuhi na harufu yake ya mchana. Nilipoishiwa nikarudi mwanzo. Kinanda alikuwa anapumua kama mtu aliyebebeshwa gunia. Safi sana!

Kumbe kila mtu ana mtaro wake. Laini zote zikajaa. Mama mmoja akalia hewani. Bwana afya akapiga mwenyewe kuomba radhi, na kabla kipindi hakijaisha watu wenye majembe walikuwa wameshaingia mtaroni. Mzee wa Kona sasa anaitwa mkombozi.

Nikapiga tena kwa hasira. Nikafoka kwamba sikuomba mtaro, nimeomba wimbo! "Ile santuri namba mia mbili kumi na saba, rafu ya chini, upande wa pili, na mruke ule mkwaruzo wa mwanzo!"

Nikakata simu. Ndipo nikasikia nilichosema. Namba zile nimezibandika mwenyewe. Duniani kote ziko katika chumba kimoja, na mimi nilikuwa ndani yake.

Kipindi kilipokwisha mlango ukafunguliwa bila hodi. Kinanda. Akasema kwa upole kwamba anaomba mia mbili kumi na saba, rafu ya chini. Nikainama, nikaitoa, nikaipangusa vumbi, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Mazoea ya kazi! Akatabasamu kwa meno yote yale yasiyosikika redioni.

Alhamisi, 6 Juni

Masharti ya Kinanda: hatamwambia meneja. Ila Mzee wa Kona apige kila siku, na kila siku ashindwe. Leo aanze kwa kukiri hewani kwamba muziki ni upuuzi. Nilikuwa nimejiandaa kukataa. Nimekubali kabla hajamaliza sentensi.

Nikapiga. Nikakohoa mara tatu. Nikasema nyie watoto mlikuwa sahihi, wimbo haujazi tumbo, nimepoteza maisha yangu kusikiliza magitaa. Santuri zilikuwa zinanitazama kutoka kila rafu. Leso ikalowa. Jasho, nadhani.

Nimefika nyumbani nikakuta redio imezimwa na kufunikwa kitambaa kama maiti. Shangazi hakugusa chakula. Amesema yule mzee wameshamtia mfukoni. Marehemu alikuwa na visa vyake, amesema, lakini hakuwahi kumeza maneno yake mbele ya mpiga domo. Nikajaribu kumtetea: labda mzee anaogopa, labda kuna watu nyumbani wanaomtegemea. Akasema watu wa nyumbani kwake wangependa afukuzwe kuliko kumsikia vile.

Leo hakuna chai ya tangawizi. Simwelewi kabisa huyu mama.

Na bado! Meneja anamtaka Mzee wa Kona studioni kesho, ana kwa ana, na apigwe picha. Kazi ya kumtafuta amenipa mimi. Nikimleta, nimebaki kazini. Nisipomleta, nisijisumbue kuja Jumatatu.

Ijumaa, 7 Juni

Nina mzee! Ni mlinzi wa getini. Umri unafaa. Kikohozi anacho cha kwake. Na domo analo: hakuna mtu aliyewahi kupita pale bila kusimuliwa habari za goti lake. Nimemwahidi shati langu la bluu. Nikamfundisha nyuma ya tangi la maji: kukohoa mara tatu, "Nyie watoto!", kisha kudai wimbo, kisha kushindwa. Akasema, "Kijana, mimi nimezaliwa kwa kazi hii."

Tukaingia. Kinanda akamkaribisha kwa mbwembwe zote. Meneja alikuwa nyuma ya kioo na kamera. Mimi nilisimama nyuma ya kiti cha mlinzi nimeshika glasi ya maji.

Mlinzi akakitazama kipaza sauti. Kipaza sauti kikamtazama. Ikawa kimya. Kinanda akamuuliza hali. Kimya. Akamuuliza habari za mtaro. Mlinzi akafumbua mdomo, akaufumba. Nyuma ya kioo meneja akaanza kubadilika rangi. Kituo cha mazungumzo matupu, na hakuna anayezungumza!

Nikamfikiria shangazi, na redio yake chini ya kitambaa.

Nikakohoa mara tatu.

Sikutumia leso, ilikuwa mfukoni. Nikasema nyie watoto, jana mlinisikia nikisema uongo, maana nilitishwa na mtu mwenye tabasamu zuri. Nikasema nyumba yenye mabishano tangu alfajiri hadi jioni ni mahakama, na mahakamani hakuna mtu anayetaka kuishi. Bishaneni hadi koo zikauke, lakini mtu akichoka mpeni wimbo mmoja apumue. Sauti ya marehemu ilinikimbia nilipofika katikati. Mwishoni nilikuwa nasema kwa sauti yangu, nyembamba, inayotetemeka. Mlinzi, Mungu ambariki, alikuwa anachezesha midomo, ila alikuwa nyuma sana. Mimi nilishamaliza, yeye bado anatafuna.

Mlango ukafunguliwa. Meneja. Akamtazama mlinzi, akanitazama mimi, akauliza, na kipaza sauti kiko wazi, "Na wewe, kijana, unafanya nini hasa hapa?"

Nikasema, "Naam."

Maji yote yalikuwa yameshamwagikia shati langu la bluu, ambalo lilikuwa mwilini kwa mlinzi.

Jumamosi, 8 Juni

Sijafukuzwa. Ni vibaya zaidi.

Meneja ameniita asubuhi. Simu, amesema, zimeingia mpaka jana jioni, na wote wanauliza yule mwenye sauti ya kutetemeka ni nani. Kwa hiyo chumba cha santuri kinabaki changu, Kinanda atafute kwingine pa kuweka kochi. Kila siku nitapiga wimbo mmoja. Sharti ni moja tu: kabla ya wimbo nibishane na Kinanda, studioni, kwa jina langu na sauti yangu mwenyewe. Tunaanza Jumatatu.

Kinanda akanipa mkono, akaubana kidogo. Akasema, "Karibu hewani, Mzee."

Nimemweleza shangazi. Hakushangaa hata kidogo. Alikuwa ameshawaambia majirani. Redio imetolewa kitambaa, na chai ya tangawizi imerudi, birika zima. Amesema tangu Jumanne alikuwa anasubiri huyo mzee aache kujificha nyuma ya marehemu. Sijui alikuwa na maana gani. Umri nao unakwenda.

Jumapili, 9 Juni

Sijalala. Sauti yangu mwenyewe! Jina langu! Watu wote wa soko! Haiwezekani.

Lakini nina mpango, na huu hauna kasoro. Kesho asubuhi mapema meneja atapigiwa simu na mama mmoja mtu mzima, mwenye heshima zake, atakayemweleza kwa masikitiko kwamba mpwa wake ameamka hana sauti kabisa. Wataahirisha. Wakiahirisha, watasahau. Leso nimeifua. Nimefanya mazoezi chumbani mchana kutwa, mlango nimeufunga.

Sasa hivi shangazi amepaza sauti kutoka jikoni. Amesema yeye haongei kwa pua namna hiyo, na kwamba neno "masikitiko" hajawahi kulitumia maishani mwake.

Nimemshukuru. Nitaweka "huzuni", na pua nitaipunguza.