Sifa za Fahali wa Baba Mkwe

Jumanne, 5 Agosti
Riwaya yangu imekataliwa tena. Mhariri anasema wahusika wote wanazungumza kama mimi. Nilidhani huo ndio uzuri wake.

Jumapili tutakula kwa baba mkwe, Mzee Shikanga, kule Shinyalu. Atachinja jogoo. Firigisi humwendea mkwe anayeheshimika zaidi, na miaka yote imekuwa yangu. Maximilla, mke wangu, ananionya kwamba safari hii huenda akapewa Clifford, aliyemwoa mdogo wake. Clifford! Kazi yake ni kujirekodi amejifunga leso ya mamake, akigombana na kuku. Watu elfu themanini humtazama. Mimi husomwa na Maximilla, tena kwa kusukumwa.

Jumatano, 6 Agosti
Mpango! Fahali wa mzee anapigana Jumamosi. Nimejitolea kumwandikia sifa, nizisome mwenyewe uwanjani. Mzee aliuliza kama zitakuwa fupi. Nikamhakikishia. Maximilla akaguna: “Baba Ayuma, ng'ombe inataka ngoma, haitaki hotuba.” Hajui fasihi.

Ijumaa, 8 Agosti
Sifa zimefika kurasa sita. Nimechomeka sura ya kwanza ya riwaya. Inahusu upweke, lakini fahali naye hana mke wa kudumu. Clifford alipiga simu kuuliza kama anaweza kurekodi. Nilimruhusu. Ushahidi ni muhimu.

Jumamosi, 9 Agosti
Fahali aliingia asubuhi na mapema akiwa moto, ngoma za isikuti zikimchemsha, vijana wakikimbia naye na matawi mikononi. Nikainua mkono. Ngoma zikanyamaza. Nikasoma.

Ukurasa wa pili, akaanza kula nyasi. Wa tatu, akalala. Mama mmoja akaniuliza, “Mwalimu, hii ni matanga ya nani?” Mpinzani alipoletwa, wetu aliinuka, akamtazama, akaondoka kupitia shamba la maharagwe. Mzee akamfuata, kofia mkononi. Sikuwa nimemaliza.

Jumapili, 10 Agosti
Kaunti nzima imeona video. Kanisani, hata mhubiri aliitaja.

Wakati wa chakula mzee aliichukua firigisi, akapita mbele yangu, akamwekea Clifford. Akaniambia bila ukali, “Mkwe wangu, huyu anaamsha watu. Wewe umelaza hadi ng'ombe.” Mimi nilipewa shingo. Clifford alitaka tugawane. Nilikataa kwa heshima ili anisihi. Hakunisihi. Alitafuna amefumba macho.

Jumatatu, 11 Agosti
Nimelitazama suala hili bila hasira. Maandishi hayana kosa. Kosa ni la fahali, hana utulivu wa msomaji. Jirani yetu Andati anaye mwingine. Leo nilisimama kwenye ua nikamsomea ukurasa mzima. Hakutikisa hata sikio! Andati anadai ng'ombe ni mgonjwa, hajasimama tangu juzi.

Nimeanza sura ya pili.