Kimya Anamfuata Nani?

Jumatatu, 3 Machi

Nimekwisha. Saa nne asubuhi nilikuwa nachonga gego la mteja, simu ikatetemeka mfukoni: "Kimya ameanza kukufuata." Mkono ukateleza. Gego likawa jino la mbele.

Nijieleze, ingawa shajara hii naisoma peke yangu. Mimi ni fundi wa meno ya bandia. Kwenye jukwaa la mafundi meno mtandaoni najiita Gego, na siri hiyo haijui mtu, hata mke wangu. Jumamosi niliandika pale kwamba kuna bosi (sikumtaja!) aliyemlazimisha fundi wake amtengenezee mwalimu mstaafu meno meupe kama sinki la choo. Watu mia mbili na kumi na wanne wakacheka. Nilitembea siku nzima kifua mbele.

Leo huyu Kimya. Hana picha. Hajawahi kuandika hata nukta. Amekuja tu, akasimama nyuma yangu.

Ni Bosi. Atakuwa nani mwingine? Saa sita mama huyu alipita mezani kwangu akaniuliza wikendi ilikuwaje. Miaka tisa hajawahi kuniuliza habari ya wikendi!

Jumanne, 4 Machi

Wazo! Nikijua Kimya anawafuata akina nani, nitajua ni nani.

Tatizo: jukwaa letu linakuonyesha wanaomfuata mtu. Yeye anamfuata nani, halisemi. Inabidi ufungue ukurasa wa kila mwanachama, mmoja mmoja, uangalie kama Kimya yumo kwenye wafuasi wake. Wanachama elfu sita. Nilifungua kurasa arobaini nikiwa chooni, mpaka Plasta akagonga mlango kuuliza kama nimezama.

Plasta ni fundi mwenzangu, kazi yake kumwaga plasta kwenye vipimo vya midomo. Mwezi huu Bosi anateua fundi mkuu wa karakana, ni yeye au mimi. Plasta anamsalimia Bosi mara tatu kwa siku. Mtu mzima!

Jioni nikamwendea shemeji, mdogo wa mke wangu, anayekaa kwetu na kuandika programu za kompyuta za hospitali. Nikasema nina rafiki. Akauliza kwa nini rafiki huyo asimwandikie Kimya amwulize tu, wewe ni nani? Nikasema rafiki yangu ni mwoga. "Mpe pole, shemeji," akasema, akanitazama kwa huruma hadi nikajifanya natafuta viatu.

Jumatano, 5 Machi

Shemeji amenisaidia kabla hajaenda kazini. Mistari thelathini tu! Programu inafungua ukurasa, inasoma majina ya wafuasi, ikimkuta Kimya inaandika jina la mwenye ukurasa, inahamia mwingine. Amenionya mambo mawili. Kwanza rafiki yangu amwombe ruhusa msimamizi wa jukwaa. Pili, asiguse ile sehemu inayoipumzisha programu sekunde tano kila baada ya ukurasa, jukwaa lisije likaelemewa. Nikaitikia yote mawili kama mwanafunzi bora.

Saa ya chakula nikaijaribu kwenye kompyuta ya karakana, ile iliyo karibu na tanuru. Kurasa tatu. Inafanya kazi! Nikatetemeka kwa furaha. Kisha nikatetemeka kwa sababu nyingine: Plasta alikuwa nyuma yangu, anamenya ndizi. Akauliza natazama nini. Nikasema naagiza nta. Akasema nta ipo kabati zima. Nikasema haitoshi.

Alhamisi, 6 Machi

Nilipiga hesabu. Kurasa elfu sita, kila moja sekunde tano: zaidi ya saa nane. Mapumziko ya chakula ni saa moja. Nikafuta sekunde tano. Na ruhusa ya nini? Ukiomba ruhusa, watu wanajua.

Saa saba na dakika kumi nikabonyeza. Majina yakaanza kushuka mbio kwenye skrini. Nilijiona mkubwa, kama rubani. Dakika ya nne skrini ikaganda. Jukwaa likaanguka chali. Mafundi meno wote, popote walipo, nje!

Saa nane lilirudi, lakini si kwetu. Maandishi mekundu: anwani ya mtandao ya karakana hii imefungwa, kuna mtu analishambulia jukwaa. Bosi akatoka ofisini miwani mkononi, akauliza nani ameigusa kompyuta. Nikasema nilimwona Plasta akitazama mpira. Plasta akasema kwa upole kwamba mpira hata haupendi. Kila mtu hapa anajua haupendi. Nimejipalia makaa mwenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

Kabla ya kuanguka, programu iliokota majina tisa. Nimeyasoma alfajiri, kiti nimekiegemeza mlangoni. Mimi nimo. Wanane wengine ni mafundi wanaoandika kuhusu rangi ya meno tu, mmoja wao ana wafuasi watatu, na wawili ni ndugu zake. Nani angejisumbua kumfuata mtu kama huyo, kama si Bosi anayetafuta mashahidi? Kesi inakuja. Nitasimama kizimbani niulizwe maana ya sinki.

Akili ikaniruka. Nikachukua simu, nikamwandikia Kimya: "Najua wewe ni nani. Naomba tuyamalize taratibu." Nilijuta kidole kikiwa bado kwenye kioo.

Baada ya dakika saba, Kimya akaandika kwa mara ya kwanza: "Vizuri. Nitakuja karakanani kesho saa tatu."

Bosi yuko karakanani kila siku, kwa nini aseme atakuja? Maana yake haji peke yake! Nikamwambia mke wangu kwamba nampenda sana. Akaniuliza nimevunja nini.

Jumamosi, 8 Machi

Nilifika saa mbili, nikakaa karibu na mlango wa nyuma. Saa tatu kamili akaingia mzee mwembamba, shati limenyooka kwa pasi, kitambaa amekishika mdomoni. Mwalimu mstaafu. Akatoa kikopo mfukoni, akakifungua mezani kwa Bosi. Ndani mlikuwa na meno. Niliyachonga mimi.

Alizungumza bila meno, maneno yakimtoka na upepo.

"Mwanangu, nilijiunga na jukwaa lenu nijifunze habari za meno, maana kuuliza niliona aibu. Nikasoma kwamba mwalimu mstaafu amewekewa sinki la choo mdomoni. Nikaenda kwenye kioo. Ni kweli. Wiki mbili nimekuwa nikimchekea kila ninayekutana naye, nikidhani wanafurahi pamoja nami."

Bosi aliinamisha kichwa. Mimi nilitamani sakafu inimeze, na kwa mara ya kwanza wiki hii sikuwa najihofia mwenyewe. Hali hiyo ilidumu kama dakika moja.

Mzee akaendelea kwamba huyo Gego ndiye pekee aliyesema ukweli. Jana Gego amemwandikia kwamba anamjua na anaomba wayamalize, kwa hiyo ni muungwana. Anataka Gego amtengenezee mengine.

"Gego ni nani hapa?" akauliza Bosi.

Mkono wangu ukapanda hadi kifuani. Ukakuna shati. Ukashuka.

"Ni mimi," akasema Plasta.

Jumatatu, 10 Machi

Plasta hawezi kutofautisha rangi nyeupe na ya maziwa. Leo amenivuta pembeni akaniomba nimsaidie. Nikamwuliza kwa nini alidanganya. Akajibu kwamba mzee alikuwa amesimama pale peke yake na hakuna aliyekuwa anamjibu. Sababu gani hiyo? Huyu ana njama.

Lakini mzee alipokuja kupimwa, nilichukua mwenyewe kile kipimo cha rangi, vijino kumi na sita kwenye bati, nikamsogeza dirishani penye mwanga. Cha tatu, chenye umanjano kidogo. Akaniuliza kama mimi ni msaidizi wa Gego. Nikasema ndiyo.

Alhamisi, 13 Machi

Mzee ameyavaa. Alijitazama kwenye kioo mpaka nikaogopa. Kisha akatabasamu, akakunja kitambaa, akakitia mfukoni. Akamshika Plasta mkono kwa mikono yake miwili. Mimi niliangalia kutoka nyuma ya kabati, jicho likiniwasha. Vumbi la plasta.

Halafu Bosi akaniita ofisini.

Alisema msimamizi wa jukwaa amemwandikia: shambulio lilitoka kwenye kompyuta yetu saa saba na dakika kumi, na yeye anajua nani hukaa pale saa hiyo. Anajua pia meno ya mzee yametoka mikononi mwa nani, Plasta amemweleza yote. Rangi ile ya kwanza lilikuwa kosa lake yeye Bosi, na anamtaka fundi mkuu atakayemwambia hivyo usoni. Hakuwa na hasira. Alinisogezea hata kiti.

"Niambie tu," akasema. "Wewe ndiye Gego?"

Mtego! Sauti laini ile, kiti kile! Nikaapa kwamba jukwaa silijui, mtandao wenyewe naufahamu juujuu. Akashusha pumzi, akachukua kalamu, akaandika jina la Plasta kwenye fomu ya cheo.

Nimeponea chupuchupu! Mtu mwingine pale angekiri.

Kitu kimoja tu kinanikosesha raha. Plasta sasa ana ofisi yenye mlango, na leo alasiri nilimsikia ndani anacheka na simu yake. Anacheka na nani? Kuhusu nani? Nimefungua akaunti mpya, naitwa Chonge. Kesho saa ya chakula naanza naye.