Uzembe wa Konokono wa Barafuni, na Mimi Kusingiziwa Mikono

Kwa Mkurugenzi,
Taasisi ya Viumbe vya Bahari,
Ghorofa ya juu, mlango wenye kapeti.

YAH: KONOKONO WASIOJENGA MAGAMBA IPASAVYO

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Natumai u mzima na lifti bado inakufikisha. Mimi ni yule mchambuzi wa magamba wa chumba cha chini, jirani na jenereta. Kwa miaka ishirini na mbili meli yetu imeniletea planktoni, yaani viumbe vidogo vinavyoelea, kutoka bahari ya barafu, nami nimeinamia hadubini nikiokota kwa brashi, kimoja kimoja, vikonokono vyenye mabawa visivyozidi punje ya mtama. Sikuwahi kuitwa ofisini. Sasa Bosi Mpya, binti aliye rika la mwanangu wa pili, ameandika kwamba magamba mengi yanavunjikia mezani pangu, eti mikono imechoka, na mwezi ujao nihamie stoo nikatunze ndoo. Ndoo, Mheshimiwa! Nimeumia. Kwa hiyo nawashtaki wahusika wenyewe, konokono, kama ifuatavyo:

1. Magamba yao ni mabovu. Zamani gamba lilikuwa gamba, ukiligusa linatulia. La siku hizi ukilipumulia tu, kwisha habari yake. Nyumba ikianguka tunamkamata fundi, hatumkamati mgeni aliyebisha hodi.

2. Bosi Mpya anawatetea. Ameniambia, kwa upole unaoudhi, kwamba bahari inameza moshi wa magari na viwanda vyetu, maji yanachachuka, na maji ya baridi ndiyo humeza zaidi. Hivyo chokaa ya kujengea inakuwa adimu na iliyokwisha kujengwa inalika. Haya. Lakini mimi nameza moshi wa jenereta tangu saa mbili asubuhi, nakunywa na maji ya ndimu kila siku, na meno yangu yote yapo, ukiondoa matatu. Mbona mimi siyeyuki?

3. Wanafika kazini wakati wanaotaka wao. Barafu ikiwahi kuyeyuka, mwani unawahi kuota, nao wanauwahi mlo. Likizo yangu niliipanga kwa kalenda yao ya zamani. Mwaka huu meli ilirudi nimeshavaa viatu vya safari, na harusi ya mpwa wangu nikaisikia kwenye simu. Shemeji hanisemeshi hadi leo.

4. Wanakaribisha wageni. Kwenye sampuli za baridi kali sasa naokota viumbe wa maji ya vuguvugu, waliopanda huko bila barua ya uhamisho. Bosi anasema bahari imepata joto. Nikamwambia basi na wenyeji nao wasogee mbele, wakatafute baridi yao. Akaniuliza wasogee wapi, maana mbele ya ncha ya dunia hakuna mbele nyingine. Nikarudi kwenye hadubini yangu, na swali hilo nalo nalilalamikia.

5. (Hili ndilo kubwa.) Hawajitumi. Mimi paa langu likivuja napanda na nyundo, na umri huu. Wao wakitoboka wanakaa tu wakielea.

Kwa hayo naomba wapewe barua ya onyo, ipelekwe na meli, isomwe majini kwa sauti. Wakikaidi, wahamie stoo wao, mimi nibaki na kiti changu, ambacho kwa sasa kina umbo langu na hakimfai mtu mwingine. Mama watoto anasema niache kugombana na vitu visivyo na masikio. Ni rahisi kwake. Hajawahi kuambiwa mikono yake imekwisha. Mikono yangu ni mizima, naapa, haitetemeki hata chembe.

Nisalimie wa nyumbani kwako, dereva, walinzi wa zamu zote, na katibu muhtasi wako ambaye barua zangu tatu zilizotangulia zilimpotea mkononi.

Wako mtiifu, ingawa kwa shingo upande,
Mchambuzi wa Magamba, Chumba cha Chini

Tanbihi: Nilipokwenda kutafuta bahasha nilipitia chumba cha baridi, penye mtungi wa konokono watano walioletwa hai. Mimi miaka yote huletewa maiti; hawa hulishwa na Bosi Mpya mwenyewe. Wiki tatu zilizopita, hakuna aliyekuwapo, nilimhamisha mmoja kwa kibano nikasikia vidoleni: ka! Nikamrudisha, nikanyamaza. Leo nimemweka chini ya hadubini. Ufa upo palepale, na ni mkono wangu huu ulioutia. Kwa ndani ameuziba. Kiraka kinene, Mheshimiwa, amekiweka humohumo kwenye maji machachu, bila nyundo, na bila kumwandikia mtu yeyote barua. Hoja ya tano ifutwe, na kile kiapo changu pia. Ndoo nitazipokea Jumatatu. Kiti apewe mwenye mikono, na huyu konokono asiguswe na mtu hadi amalize kujenga.