Makofi ya Baba Oliva

Jumatatu, 9 Juni
Nesi Salha amekikagua kiganja changu cha kulia. Kuna kamba imekaza chini ya ngozi, kidole cha pete kimekunjwa, hakinyooki. Kwa kazi si kitu. Miaka kumi na moja nabeba mpunga kwenye mashine ya kukoboa hapa Ifakara, na kidole hicho hushika sikio la gunia kama ndoano. Shida ni Jumamosi ya tarehe 28. Wakwe wanakuja kwetu Kasulu kumposa binti yangu Oliva. Sisi Waha mgeni wa heshima tunamsalimu kwa makofi, taratibu, naye anajibu. Yangu yanasikika kama mtu anakung'uta kandambili. Watadhani siwataki!

Jumanne, 10 Juni
Nimeonana na daktari mgeni. Yuko hapa wiki hii tu. Njia ni mbili. Sindano: dawa inalainisha kamba, kesho yake anakivuta kidole kinanyooka, na baada ya wiki mbili hivi napiga makofi. Ila kamba huweza kurudi mapema. Upasuaji: anachana kiganja, anaitoa kamba, halafu nyuzi, bandeji na mazoezi wiki nyingi. Huo hudumu zaidi. Kwa ajili ya posa amenishauri sindano. Imebaki dozi moja. Nikakubali.
Njiani nikafikiri. Dawa inayokula kamba, nani ameiambia iishie kwenye kamba? Na fundi anayekutangazia kwamba bati litavuja, unampa nyumba? Halafu kwa nini imebaki? Kitu kizuri hakibaki.

Jumatano, 11 Juni
Evod, mbeba magunia mwenzangu, ana kidole kama changu. Amepangiwa upasuaji kesho na halalamiki. Nimeng'amua! Yeye ni Mpogoro, mtu wa huku, kapewa kisu. Mimi wa mbali nimepewa mabaki.
Nikamwendea kwa hila. Nikamwambia sindano haina kovu, na wanawake hawapendi kovu. Akaniuliza, "Na posa yako je, Baba Oliva?" Nikamwambia hayo aniachie mimi. Tukaenda kwa daktari kuomba kubadilishana. Alirudia maelezo yote mara mbili, akauliza kama nimeelewa. Mkweli husema mara moja. Nikaweka sahihi.

Alhamisi, 12 Juni
Nimepasuliwa. Bandeji kubwa kama mkate. Nesi Salha anasema nyuzi zitatoka baada ya wiki mbili, nisisafiri kabla yake, na makofi labda mwisho wa Julai. Nikamwuliza kama hakuna namna ya kuharakisha. Akasema, "Baba, kiganja si wali, huwezi kuongeza moto."
Evod kachomwa sindano.

Ijumaa, 13 Juni
Kidole cha Evod kimenyooshwa. Anasema kililia ko, basi. Mkono wake umevimba na kuvilia damu. Nimefarijika kidogo.

Jumatano, 25 Juni
Nyuzi zilikuwa zitoke kesho. Nimejaribu kofi moja, la kupima tu. Kidonda kimefunguka. Safari imekufa. Mke wangu amenikatia simu.

Jumamosi, 28 Juni
Mke wangu aliweka simu mbele ya wakwe, sauti ya juu. Kwangu, Evod alikaa karibu na simu akapiga makofi kwa niaba yangu. Nilimfundisha tangu asubuhi. Makofi mazito, yenye heshima. Huko wakajibu. Baba mkwe akasema, "Huyu ni mzee hasa."
Posa imekubaliwa. Kisha Evod, kwa kiherehere chake, akakohoa na kueleza kwamba makofi ni yake. Wakacheka sana. Wamemwalika harusini, akae meza ya mbele.
Sasa naona yote. Alikubali upesi mno tulipobadilishana. Hakuwa na haja na kidole. Alikuwa anawinda wakwe zangu!
Jioni hii kidole kidogo cha kushoto nacho kimeanza kukaza. Daktari atarudi Oktoba. Chochote atakachonishauri, namtafuta mtu nibadilishane naye.